Mama Atasubiri: Kabla ya Kushika Usukani Desemba Hii

Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Najua katika nyumba nyingi za wasomaji wetu masanduku yameshafunguliwa sebuleni. Kila usiku mama anaingiza vitu viwili, baba anatoa kimoja, halafu mzigo unapimwa upya.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana mmoja anayesoma hapa Columbus alinifuata kwenye maegesho akiwa na furaha tele. Amepata tiketi. Ana miaka minne hajaiona Moshi.

"Anko," akaniambia, "natua Dar saa nane usiku. Binamu yangu ananiachia gari pale pale uwanjani. Saa kumi na moja alfajiri naingia barabarani, mchana nakula nyumbani."

Nikamuuliza, "Utalala saa ngapi?"

Akacheka. "Nitalala kwenye ndege, anko. Na kahawa ipo."

Nikamwomba tukae ndani ya gari langu dakika kumi, kwa sababu maneno hayo yote niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, Desemba moja miaka kadhaa iliyopita. Niliyomsimulia kijana yule ndiyo ninayoyaandika leo. Sijawahi kuyaandika katika safu hii, na sababu ni aibu tu.

Ahadi ya kwenye simu

Mimi huku naishi kwa usukani. Nasambaza vifurushi kwa gari, siku sita kwa wiki, mvua inyeshe, theluji ianguke. Sijawahi kugonga hata kioo cha pembeni. Kwa hiyo tulipopanga kwenda nyumbani baada ya miaka sita, swali la nani ataendesha kutoka Dar es Salaam hadi Marangu halikuulizwa kabisa. Tiketi za kutua KIA zilikuwa ghali mno kwa watu watano, na mdogo wangu anayeishi Dar ana gari. Yeye alikuwa amebanwa na kazi hadi mkesha wa sikukuu. "Chukua gari, kaka," akasema, "mimi nitapanda basi."

Kabla hatujaondoka Columbus nilimpigia mama simu. Aliuliza jambo moja tu: "Mnafika lini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Tarehe 23 jioni, Mama. Tutakula wote chakula cha usiku."

Nikamsikia akiiweka simu pembeni na kumwita jirani: "Wanakuja tarehe 23!" Kuanzia hapo ahadi ile haikuwa yangu peke yangu tena, ilikuwa ya kijiji kizima. Mbuzi alitafutwa, ndugu wa Himo na wa Rombo wakaambiwa, na mimi nikaingia kwenye ndege nikiwa na saa ya kufika kichwani.

Tulitua Dar saa nane usiku wa kuamkia tarehe hiyo hiyo 23. Ukihesabu mlango hadi mlango, tulikuwa safarini zaidi ya siku nzima. Watoto walikuwa wamelala vipande vipande, mimi sikulala kabisa. Sanduku moja halikuonekana, tukajaza fomu. Tulipotoka nje ilikuwa saa kumi. Mdogo wangu alitupokea, akatazama macho yangu, akasema, "Kaka, twendeni nyumbani mkalale. Mtaondoka kesho." Mke wangu akasema hivyo hivyo. Shangazi yangu, ambaye tulikubaliana kupanda naye, alikuwa amekaa na kikapu chake tangu jioni, naye akasema kulala si dhambi.

Nikawajibu wote kwa sentensi moja: "Mama anasubiri."

Tukaondoka saa kumi na moja, tukawahi kabla foleni ya Kimara haijaanza. Nilipotaka kukata kona ya kwanza, niliwasha waipa badala ya indiketa. Watoto wakacheka, nami nikacheka. Kona ya pili, waipa tena. Nilidhani ni kichekesho tu. Leo najua ile ilikuwa taarifa: mikono yangu ilikuwa bado Ohio.

Tulipopita Chalinze jua lilikuwa limeshatoka, na nilijisikia vizuri. Karibu na Mkata nilianza kupiga miayo. Kabuku nilifungua dirisha. Segera nilikunywa soda mbili za kahawa na kuongeza sauti ya redio. Mke wangu akauliza, "Uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Ukweli ni kwamba kati ya Kabuku na Segera kuna sehemu ya njia ambayo sikumbuki kuipita. Si kwamba niliisahau baadaye. Nilifika upande wa pili wake nikiwa sijui nimefikaje.

Upande usio wetu

Korogwe tulisimama kituo cha mafuta. Tukajaza tangi, tukanunua maembe, watoto wakanyoosha miguu. Yule wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa amechoka na kiti chake, akalia. Shangazi akamchukua, akampakata. Nikaona, nikanyamaza. Nani atamkatalia shangazi asimpakate mjukuu aliyemsubiri tangu azaliwe?

Saa nne asubuhi ya Korogwe ilikuwa saa nane usiku ya Columbus. Nilitoka pale kituoni, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, mashamba ya mkonge yakitandaa kushoto na kulia. Nikaingia barabarani na kukaa upande wa kulia, kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu huku. Hakukuwa na gari lolote la kunikumbusha. Niliendesha hivyo kwa raha, sijui mita mia tatu, sijui mia tano.

Mbele likatokea fuso, likanimulikia taa. Kichwa changu kikatafsiri kwa lugha ya huku: ananipisha, muungwana. Hata sikupunguza mwendo. Likamulika tena, safari hii na honi, nami bado nikajiuliza, huyu anafanya nini kwenye upande wangu?

"Kushoto!" mke wangu akapiga kelele. "Kushoto! Kushoto!"

Nilikata usukani kwa nguvu zangu zote. Tulipishana na fuso lile kwa nafasi ambayo sitaki kuikadiria. Gari likayumba, likaingia kwenye changarawe, likasimama likiwa limeinamia mtaro. Kisha nikasikia mtoto akilia. Alikuwa ameponyoka mikononi mwa shangazi na kugonga kipaji cha uso kwenye kiti cha mbele. Damu ilikuwa inashuka hadi kwenye nguo mpya aliyovishwa kwa ajili ya bibi. Shangazi alikuwa akisema maneno yale yale mara nyingi: "Nilimshika, jamani. Nilimshika."

Ni kweli alimshika. Hakuna mikono ya binadamu inayoweza kumzuia mtoto gari linapoyumba kwa mwendo ule.

Dereva wa fuso alisimama mbele kidogo, akarudi kwa miguu. Nilijiandaa kutukanwa, na nilistahili. Alimtazama mtoto kwanza, akamwambia utingo wake alete maji na kitambaa safi. Halafu akanigeukia.

"Umetoka wapi, kaka?"

"Marekani."

"Lini?"

"Leo."

Akatikisa kichwa. "Basi macho yako bado hayajafika. Nifuate polepole turudi Korogwe, ukalale."

Aliwasha hazadi, nikamfuata mwendo wa baiskeli hadi mjini. Mtoto akashonwa nyuzi tatu kwenye zahanati. Alama anayo hadi leo, karibu na nyusi, na kila anapoulizwa shuleni anajibu, "Niliipata Tanzania," kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi huwa nageuza uso.

Tukachukua vyumba katika nyumba ya wageni. Kisha nikafanya jambo nililoliogopa kuliko yote, nikampigia mama.

"Mama, hatufiki leo."

Kimya. Nikaendelea haraka haraka, kwamba najua mbuzi ameshachinjwa, kwamba watu wamekuja, kwamba naomba msamaha. Akanikatisha.

"Nani alikwambia ufike leo? Mimi niliuliza tu mnafika lini. Nimekusubiri miaka sita, mwanangu, nitashindwa usiku mmoja?"

Nililala saa kumi na tatu mfululizo. Kesho yake, tarehe 24, tuliondoka jua likiwa juu, tukapita Mombo na Same kwa utulivu, na saa tisa alasiri tulikuwa Marangu. Mbuzi alikuwepo. Mtori ulikuwepo. Mama alikuwepo. Hakuna aliyetaja tarehe 23.

Yale ninayoyafanya tangu siku hiyo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio tunaowapakia viti vya nyuma na ndio wanafunzi wetu. Kwa hiyo nawapa hapa yale niliyojifunza, kwa mpangilio wa uzito wake kwangu.

Usiku wa kwanza ni wa kulala

Kanuni ya nyumba yetu sasa ni hii: aliyeshuka kwenye ndege haendeshi siku hiyo. Ukitua Dar, lala Dar. Ukitua Nairobi, lala Nairobi. Gharama ya chumba kimoja iingize kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo, pamoja na tiketi, isiwe jambo la kujadiliwa saa kumi usiku mkiwa mmechoka na kila mtu ana hasira.

Wanaotoka pwani ya mashariki ya Marekani wana tofauti ya saa 8 na Afrika Mashariki wakati wa Desemba. Wanaotoka Uingereza wana saa 3. Ndugu zetu wa Oman na Falme za Kiarabu wana saa 1 tu, lakini wengi hupanda ndege za usiku baada ya kazi, na uchovu hauangalii saa za ukutani.

Mnaofikiri kuwa mtaugundua usingizi kabla haujawachukua, fanyeni hesabu hii. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 4 tu, umekwenda karibu mita 90 bila dereva. Kahawa, dirisha lililofunguliwa, redio na kujipiga makofi ya shavu havilipi deni la usingizi. Kinacholilipa ni kulala. Ukianza kupiga miayo mfululizo, au ukashindwa kukumbuka kijiji ulichopita sasa hivi, tafuta mahali salama nje ya barabara usimame. Na angalia dawa za mafua na za mzio mnazozibeba, maana nyingi huleta usingizi.

Kushoto, na mahali linaposahaulika

Marekani, Oman, Falme za Kiarabu na sehemu kubwa ya Ulaya huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Hili kila mtu analijua. Wasilolijua wengi ni lini hasa mtu husahau. Kwenye foleni husahau kwa nadra, kwa sababu magari ya wenzako yanakuongoza. Unasahau barabara ikiwa tupu: unapotoka kituo cha mafuta, unapotoka uani alfajiri, unapomaliza kona ya kulia kwenye kijiji kilicholala, unapoanza safari upya baada ya kula.

Sisi tuna mambo mawili. La kwanza, kitambaa chekundu tunakifunga upande wa kushoto wa dashibodi. La pili, kila tunapotoka mahali tuliposimama, abiria wa mbele anasema kwa sauti "kushoto", na dereva anarudia "kushoto" kabla gari halijatembea. Watoto wameufanya mchezo, wanaitikia wote. Kumbukeni pia kwamba kwenye magari mengi yaliyotoka Japani indiketa iko mkono wa kulia na waipa mkono wa kushoto, kwa hiyo hata ninyi wa Uingereza mliozoea kushoto mtawasha waipa siku ya kwanza. Ukiona waipa zinafuta kioo kikavu, usicheke tu kama mimi. Jiulize kama umepumzika.

Lugha ya taa

Huku, mara nyingi mtu akikumulikia taa anasema "tangulia wewe". Nyumbani, anayekuja mbele akimulika anaweza kuwa anasema "nakuja, kaa upande wako", au kwamba mbele kuna trafiki, au kwamba kuna hatari. Ukimulikiwa na hujui kwa nini, punguza mwendo kwanza, tafsiri baadaye.

Ukiwa nyuma ya lori refu, dereva wake anaweza kuwasha indiketa ya kulia kukwambia usipite, au ya kushoto kukwambia njia ni nyeupe. Ni desturi ya wema, nami nawashukuru madereva wale. Lakini indiketa ya kulia inaweza pia kuwa na maana yake halisi, kwamba anakata kulia. Na yeye hajui gari lako lina nguvu kiasi gani. Kama huoni mbele kwa macho yako mwenyewe, usiovateki. Kukaa nyuma ya lori hadi mlima uishe kunakugharimu dakika chache.

Ukikuta matawi ya miti yamewekwa barabarani, ujue mbele kuna gari limeharibika, huenda baada ya kona. Punguza mwendo mara moja.

Na vibao vya 50 viheshimiwe. Barabara ya Moshi inapita katikati ya vijiji, na watu wa vijiji hivyo wana watoto wanaovuka kwenda shule na dukani. Wengi wetu tunapunguza mwendo kwa kuogopa tochi ya trafiki. Afadhali tumwogope mtoto anayetoka nyuma ya basi lililosimama. Ukikamatwa umekosea, kubali, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, endelea na safari.

Jua la Moshi huzama kabla ya saa moja jioni na giza huingia upesi. Usiku barabarani kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika bila alama yoyote. Panga safari yako uwe umefika kabla ya jioni. Kama hutafika, ulale njiani.

Mtoto na mapaja ya shangazi

Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu tunapambana na upendo. Kumpakata mtoto ni mapenzi. Kumnyang'anya bibi mjukuu na kumfunga mikanda kunaonekana kama dharau, tena kiburi cha Ulaya. Mke wangu ndiye aliyepata maneno. Haanzi na sheria wala ajali. Anasema, "Shangazi, huyu amezoea kiti chake, bila hicho analia njia nzima. Kaa pembeni yake umshike mkono." Shangazi anapata mkono wa mtoto na mtoto anabaki kwenye kiti. Hatujapata ugomvi tena.

Bebeni kiti cha mtoto kutoka huku. Mashirika mengi ya ndege hukipokea bila malipo ya ziada, lakini ulizeni kabla ya kufika uwanjani. Kabla ya safari, fungueni mlango wa nyuma wa gari mtakalotumia na mtafute mikanda. Kwenye magari mengi ya nyumbani mikanda ya nyuma ipo, ila imelazwa chini ya kava za viti kwa miaka. Itoeni, ivuteni, hakikisheni inajifunga. Kama mikanda ya nyuma haitoshi watu mlionao, gari hilo halitoshi familia yenu. Wengine wapande basi.

Gari la kuazima

Gari la ndugu ni zawadi, lakini zawadi nayo hukaguliwa kwa heshima. Mwambie mwenye gari, "Naomba tupite kwa fundi wako, gharama ni yangu." Hakuna mdogo mtu atakayekataa. Breki, taa zote, waipa, jeki, spea tairi, pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Kwenye ubavu wa kila tairi kuna tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa zee, na uzee huo hujitokeza kwenye joto na mzigo wa sikukuu.

Ulizia bima inamhusu dereva gani, na kama leseni yako ya huku itakubalika au unahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha. Hayo yaulizwe wiki kadhaa kabla, ukiwa bado una muda wa kuyashughulikia.

Wanafunzi na mabasi

Ninyi mnaosafiri peke yenu, mara nyingi basi la mchana lenye dereva aliyelala nyumbani kwake ni salama kuliko wewe mwenyewe uliyetoka kwenye ndege. Tangu 2023 mabasi ya mikoani Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Kuruhusiwa si kulazimishwa, chagua la asubuhi ukiweza. Funga mkanda hata kama wewe ndiye pekee uliyeufunga. Dereva akikimbiza gari, sema. Ukisema peke yako utaambiwa ushuke, kwa hiyo mguse jirani yako, mseme wawili, kisha wanne. Namba za kupiga mara nyingi zimebandikwa ndani ya basi, zipige picha unapopanda. Kwa dharura Tanzania, polisi ni 112 na zimamoto na uokoaji ni 114. Na bodaboda ya kukutoa stendi hadi nyumbani ni safari pia. Bila kofia ngumu, usipande.

Ahidi wiki, usiahidi saa

Ndugu zangu, nimekwishatafakari mara nyingi ni kitu gani hasa kilikaribia kutuua pale Korogwe. Si barabara, ilikuwa nzuri. Si fuso, dereva wake ndiye aliyetuokoa. Si gari la mdogo wangu. Ni ile "tarehe 23 jioni" niliyoitamka kwenye simu ili nimsikie mama akifurahi. Tunakaa mbali miaka mingi, tunakosa misiba, tunakosa harusi, halafu tunataka kulipa yote kwa kufika mapema saa tano. Wazazi wetu hawatudai hivyo. Wametusubiri miaka, wanajua kusubiri kuliko sisi.

Kwa hiyo mwambie mama, "Tutafika wiki ya Krismasi." Akikubana, mwambie utampigia simu ukiwa karibu.

Yule kijana aliniaga pale maegeshoni bila kuahidi kitu, nami sikumlazimisha. Ila juzi usiku amenitumia ujumbe: "Anko, nimemwambia mama nitalala kwa binamu kwanza. Ameuliza basi nitafika siku gani. Nimemwambia, siku nitakayofika. Amesema sawa, ila nisije bila kula njiani."

Safari njema kwenu nyote. Nisalimieni waliotangulia kufika. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.